Vijiko vya Mwezi na Taji

Albano hakujua kusoma. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwenyewe alikuwa akilisema mwanzoni, kila alipokutanishwa na mgeni, kama wengine wanavyotaja kabila lao. Ukimpa barua ataigeuza mara mbili, atakuuliza nani kaandika, halafu atakurudishia. Lakini mpe kijiko cha fedha. Atakipindua, atakisogeza kwenye mwanga, atapitisha ukucha wa kidole gumba pale shingoni, kisha atakuambia kimetoka mji gani wa Ulaya, na kama ni fedha kweli au ni shaba iliyochovywa tu.

Kwake ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, Temeke. Nasema Temeke ya miaka ya hamsini na moja, hamsini na mbili, mikorosho ikiwa bado mingi kuliko nyumba, na ukimwambia mtu wa mjini kwamba unakaa huko anakuuliza kama huogopi fisi. Mie nilikuwa nikitembeza mikeka. Kazi hiyo inakuingiza nyumba za watu wa kila namna, nami nimekunywa maji kwa Wazaramo, kwa Wahindi, kwa makarani na kwa mapadri, lakini sijaona mtu aliyeridhika na kazi yake kama Albano. Alikuwa boi wa meza kwa Mzungu huko Oyster Bay. Boi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mvi na binti wa kuolewa. Ndivyo walivyokuwa wakiitwa, na tuliache hapo.

Elimu yake aliipata kwa bibi mmoja mzee wa Kiingereza, mama wa bwana wake wa kwanza. Bibi huyo miguu ilikuwa ikimsumbua, hatoki nyumbani. Kila Ijumaa Albano alitandika blanketi barazani na kuanza kusugua vyombo vya fedha kwa unga mweupe na kitambaa cha sufu, na bibi, kwa upweke, akawa anakaa naye akiwa na kijitabu chake cha chapa, zile alama zinazogongwa mgongoni mwa vyombo vya fedha. Akamfundisha kama mtu anavyofundishwa karata. Huyu simba anayetembea, mguu mmoja juu, maana yake ni fedha halisi ya Kiingereza. Baada ya simba, tafuta mji: kichwa cha chui ni London, taji ni Shefildi, nanga ni Bamingamu. Pembeni kuna herufi moja ya kukuonyesha mwaka. Albano alinieleza kwamba kilichomchekesha siku zote ni ile nanga, maana kwa maelezo ya bibi mwenyewe mji wa Bamingamu hauna bahari.

Basi siku moja Albano naye akatoa kijiko chake mfukoni, akampa bibi amtazamie.

Nacho kilikuwa cha kurithi. Shangazi yake, Sesilia, alikuwa yaya kwa Wajerumani wenye shamba la mkonge huko Lindi. Vita ile ya kwanza ilipofika, mama wa nyumba akamwachia vijiko sita vya chai ndani ya soksi ya mtoto, akamwambia nikirudi utanipa, nisiporudi ni vyako. Hakurudi. Shangazi alingoja miaka ishirini bila kukorogea chai hata siku moja, na alipokaribia kufa akamwita Albano kutoka Dar es Salaam akamkabidhi soksi ile.

Bibi wa Kiingereza alifunua kurasa za mwisho za kijitabu, za nchi nyingine, akakuta. Mwezi mchanga, taji pembeni yake, na namba mia nane: fedha ya Mjerumani, sehemu mia nane katika elfu. Akamwambia, Albano, hivi ni vizuri, visitoke kwenu. Naye akavirudisha ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku, na sanduku chini ya kitanda. Mkewe, Genoveva, alikuwa akivijua kama unavyojua cheti cha ubatizo: kipo, lakini nani anakitazama?

Vilitoka kwa sababu ya Tekla.

Tekla ndiye binti yao wa pekee, msichana mwenye ulimi mwepesi na mikono mizuri ya kushona. Alipata mchumba, Wilbert, mwalimu wa shule ya Kibamba, kijana wa Bukoba, mrefu, mwenye aibu. Mshenga nikawa mie, kwa kuwa miguu yangu ndiyo iliyokuwa haichoki. Nikapeleka barua, nikaleta jibu, nikapeleka tena, hata ikafika Jumapili ya baba yake Wilbert kuja kujitambulisha. Jina lake Revelian, karani wa serikali, anakaa Chang'ombe. Mtu mwembamba, miwani, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ukiiweka chini itasimama yenyewe. Karani hasa, wa kuhesabu maandazi kabla ya kula.

Genoveva akasema mkwe wa namna hiyo hawezi kukorogea chai kijiko cha bati. Albano akasitasita, mwishowe, wiki moja kabla ya mgeni kufika, akavuta sanduku. Chai ikaletwa, vijiko vinawaka hata unaweza kujitazamia ndevu. Mazungumzo yalikwenda vizuri sana. Revelian akasifu nyumba, akasifu chai, akaanza hadithi ndefu ya safari yake ya meli kutoka Bukoba hadi Mwanza. Katikati ya ziwa, huku anakoroga, akakipindua kijiko. Meli ile haikufika Mwanza. Alishukuru, akaomba kofia, akanikonyeza nimsindikize.

Tulipofika kwenye mikorosho akasimama.

"Mshenga, mimi si mtu wa kusema ovyo," akaniambia. "Mwezi uliopita vimepotea vijiko vya chai, dazeni moja, fedha, vyenye muhuri wa taji. Karatasi ya vitu vilivyopotea niliipiga taipu mimi, kwa vidole hivi. Na unajua vimepotea nyumba gani?"

Nilijua, kwa jinsi alivyokuwa akinitazama. Kwa bwana wa Albano.

"Lakini vya Albano ni vya urithi," nikamwambia.

"Taji ni la nani nchi hii?"

Nikajibu ni la Mfalme. Utasema nini? Taji lilikuwa kwenye stempu, taji kwenye vifungo vya askari, taji kwenye kila karatasi aliyoishika yeye kazini tangu asubuhi hadi jioni. Kwa mtu kama Revelian, penye taji pana Mwingereza, basi.

Akasema polisi hatakwenda, hawezi kumfunga mtu aliyemnywesha chai. Ila mwanawe hataoa nyumba hiyo, na mie niende nikaseme kwa lugha nzuri ninayoijua.

Nikuondolee wasiwasi mapema, msomaji. Dazeni ile ilionekana baada ya miezi, ndani ya sanduku la safari la yule bwana mwenyewe, imeviringishwa na chandarua. Lakini siku hiyo hakuna aliyelijua hilo, na mie nilirudi kwa Albano miguu mizito kwa mara ya kwanza maishani.

Nilipomwambia, Albano alicheka mpaka akakohoa.

"Chai alimaliza?" akaniuliza.

"Nusu."

"Na maandazi?"

"Hakugusa."

"Basi kweli kakasirika."

Halafu akamwona Tekla amesimama mlangoni na sinia mkononi, amesikia yote, na kicheko kikamwisha. Tekla hakulia. Aliuliza tu, "Baba, mie nimwambie Wilbert nini?"

"Mwambie aje Jumapili ijayo. Na wewe mshenga, mwambie karani aje Jumapili, baada ya misa ya pili. Nitamwonyesha mwezi. Taji la Mfalme halikai na mwezi. Mtu mwenye miwani ataliona hilo kwa dakika moja."

Akachukua kijiko kutoka kwenye sinia, akakipindua ili anionyeshe mie kwanza. Akakisogeza kwenye mwanga. Akapitisha ukucha. Akachukua cha pili.

"Mama Tekla," akaita, taratibu kabisa. "Hivi ulivisafisha kwa kitu gani?"

Genoveva akatoka jikoni akijifuta mikono, akaeleza kwa fahari. Wiki nzima amevisugua, kumbi la nazi, mchanga laini na ndimu. Matumbo yalitakata siku ya kwanza, kazi ilikuwa migongo.

"Mgongoni kulikuwa na vijidoa," akasema, "vidogo vidogo, hapo shingoni. Vibishi hivyo! Nikaapa havitanishinda."

Albano akaketi. Mie nikatazama dari, na kusema kweli nyumba ile haikuwa na dari. Taji lilikuwa limechongwa kwa kina, ndiyo maana lilibaki kidogo, kama mkwaruzo. Mwezi ulikuwa mwembamba tangu kuzaliwa kwake. Kwa macho, kwenye vijiko vyote sita, haukuonekana, wala namba.

Ningekuwa mie ningegomba. Albano alisema tu kwamba angekuwa na mke mvivu leo angekuwa na mwezi, na Genoveva, alipokwisha kueleweshwa ni vijidoa gani alivyovishinda, akajifunika kanga usoni akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Akauliza kama hakuna dawa.

Dawa ilikuwepo. Yule bibi mzee alikuwa na sahani za zamani mno zilizolika chapa, na alimfundisha namna ya kuzisoma: unashika chombo juu ya moshi mpaka kiwe cheusi, halafu unafuta kidogo kwa kidole gumba. Masizi yanatoka pote isipokuwa kwenye mashimo, hata shimo dogo kuliko jicho. Nikamwambia basi tuwashe koroboi sasa hivi tujue. Akakataa.

"Nikijaribu leo, Jumapili atasema nimechora mwenyewe. Tutaona wote pamoja. Mwezi ukiwepo utakuwepo, usipokuwepo na tujue haupo."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Tekla alishona mashati mawili akayafumua. Mie mikeka ilinilalia begani, nikienda nyumba hii na ile huku nikiwaza kidole gumba cha Albano. Jumatano nikapita Chang'ombe kwa Revelian. Alinipa kiti, akasema hana haja ya mkutano wa pili. Nikamwambia hata mahakamani mtu husikilizwa kwanza. Akafikiri, akafuta miwani, akasema atakuja, kwa nusu saa.

Albano naye alitaka kijiko cha Kiingereza chenye taji, cha kulinganisha. Kwa bwana wake asingethubutu hata kuomba, hasa mwezi ule. Akamkumbuka Haiderali, mwenye duka hapo hapo Chang'ombe, aliyekuwa akimuuzia unga wa kung'arishia miaka yote. Mke wa Haiderali, Zohra, alirithi kwa mama yake, marehemu Sakarbai wa Unguja, seti ya chai iliyomtia mashaka sana mpaka siku Albano alipoipindua jikoni kwake na kumwambia, simba yupo, taji lipo, mama yako hakudanganywa. Tangu siku hiyo Albano alikuwa akipewa biskuti dukani bila kuomba. Zohra akakubali kutoa kijiko kimoja. Masharti yake ni kwamba kijiko kiende na mumewe, na mumewe asirudi bila kijiko.

Jumapili ikafika. Haiderali alitangulia kwa baiskeli, kijiko kimefungwa kwenye leso, leso imefungwa kwenye mkono. Tukamtania kwamba mkewe amemfunga pingu. Akasema heri pingu, pingu zina ufunguo.

Revelian akaja, kaptula ile ile. Tukasalimiana Tumsifu Yesu Kristo, Haiderali akaitikia naye kwa adabu kwa namna yake, tukakaa. Genoveva hakuleta chai. Alileta koroboi, akaiwasha saa tano mchana, moshi mweusi ukapanda kama wa garimoshi.

Albano akashika kijiko cha kwanza juu ya moshi, akafuta kwa kidole. Taji likatokea. Pembeni yake, peupe. Akakiweka chini. Cha pili, taji, na peupe. Cha tatu kilikuwa na taji, na pembeni kitu kama nusu ya pete.

"Huo ni mkwaruzo wa ukucha," akasema Revelian.

"Huenda," akajibu Albano.

Cha nne, taji. Cha tano, taji. Mataji matano yamejipanga kwenye mkeka, meusi, kama vile Mfalme mwenyewe amekuja kutoa ushahidi. Tekla alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja chini ya kitambaa. Haiderali aliacha hata kuchezea leso. Genoveva akasema, kwa sauti ndogo, kwamba cha sita huenda ndicho alichokifikia Jumamosi jioni ndimu zikiwa zimekwisha.

Albano akakishika cha sita juu ya moshi muda mrefu kuliko vingine. Akafuta mara moja. Akakitazama. Akampa Revelian.

Mwezi mchanga, bwana. Umelala ubavu, pembe zake mbili kali, taji limekaa karibu yake kama jirani barazani, na baada ya hapo namba. Revelian akavua miwani, akavaa, akakifuta kijiko chote kwa leso yake nyeupe, akakirudisha mwenyewe kwenye moshi na kufuta kwa kidole chake mwenyewe, mtu asiyeamini mpaka ahakikishe. Mwezi ukarudi pale pale.

"Soma namba, karani," Albano akamwambia. "Mie sijui kusoma."

"Mia nane."

"Mwingereza kwenye fedha yake haandiki mia nane. Anaweka simba. Huyo ni Mjerumani, wa wakati wa shangazi yangu."

"Hicho kimoja," akasema Revelian. "Na hivi vitano?"

Hapo ndipo Albano alipomwomba Haiderali afungue leso. Kijiko cha Zohra kikapita kwenye moshi nacho, Haiderali akikisindikiza kwa macho. Simba anatembea, mguu juu. Taji lipo. Herufi ipo. Albano akaviweka pamoja pajani pa Revelian, juu ya kaptula ya kaki, cha Zohra na kimojawapo cha vile vitano, na masizi yakaingia kwenye pasi ile nzuri, na mwenye kaptula hakuona.

"Tazama taji la Mwingereza. Limekaa peke yake, ndani ya kichumba chake, lina kuta nne. Sasa tazama langu. Lina kuta?"

Revelian akatazama kimoja kimoja, vyote sita. Mataji sita, hakuna hata moja lenye kuta. Kisha akarudi kwenye kijiko cha Zohra na kukaa nacho, midomo ikichezacheza kama mtu anayesoma karatasi iliyo mbali.

"Simba anayetembea, na taji," akasema polepole. "Niliandika hivyo. Niliandika simba kwa vidole hivi. Nikadhani ni pambo tu, kama picha kwenye kiberiti. Nikashika taji, simba nikamwacha."

Akasimama. Nilifikiri anaondoka. Akavua kofia, ambayo tangu aingie hakuivua, akamwambia Albano, "Mzazi mwenzangu, nimekosa. Nimekunywa chai yako nikakuita mwizi."

Albano mara ile ile akasema yamekwisha, keti, mtu yeyote angeliona taji angedhani vile. Alikuwa ameshafurahi, uso mzima unacheka, anataka kumweleza habari za nanga ya Bamingamu. Lakini Genoveva akaingia kati.

"Yeye amesamehe, mie bado," akasema. "Wiki nzima binti yangu hajala. Hapa kwetu mkwe akikosa hutozwa faini."

Revelian akasema yuko tayari, ataje. Mie nikaanza kukisia mbuzi wa ukubwa gani.

"Vijiko vimechafuka masizi," akasema Genoveva. "Utaviosha."

Karani akainua mikono yake akaikagua. Ungemjua Revelian ungeelewa. Nyumbani kwake, nadhani, hajawahi kubeba hata kikombe chake kutoka mezani. Alimtazama Albano, Albano akatazama mikorosho. Akanitazama mie mshenga, nikamwambia nijuavyo mie faini ya mama wa binti haina rufaa. Basi akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaikunja mara tatu, sawasawa, pande zote mbili, akachuchumaa nje penye karai. Tekla ndiye aliyemletea sabuni, akampigia magoti kumsalimu, na yule mzee akaitikia huku povu likimfika viwikoni. Genoveva akasimama juu yake kama mwalimu. Bila mchanga, akamwambia. Kitambaa laini. Mgongoni pole pole, hapo penye vijidoa usisugue kabisa. Haiderali akachuchumaa upande wa pili wa karai, kwa kuwa kijiko cha mkewe kilikuwa humo ndani pamoja na vingine, naye asingeweza kurudi bila hicho hasa, si kingine. Kwa hiyo kila kijiko kilichotoka majini alikipindua kutafuta simba.

Hapo ndipo Wilbert alipotokea. Lori la Kibamba lilimchelewesha, na kutoka barabarani alikuja mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alituambia baadaye kwamba tangu Kibamba alikuwa akipanga maneno ya kumsihi baba yake, sehemu ya kwanza kwa upole, sehemu ya pili kwa machozi ikibidi. Akakunja kona ya nyumba, akamkuta baba yake amechuchumaa kwenye karai la wakwe, mikono imekunjwa, anaosha.

Yale maneno ya lori zima yalimezwa pale pale.

Revelian hakuinua kichwa. Alisuuza kijiko, akakikung'uta, akamnyooshea mwanawe pamoja na kitambaa.

"Kausha," akamwambia. "Tena taratibu. Ni vya mama mkwe wako."